MKE ALIYEPIGWA AENDE WAPI?

Swali hili tumelikuta Uru, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, juu kidogo ya mji wa Moshi. Tumeona ni wajibu wetu kulivusha bahari na kulileta nyumbani, kwani tunaamini kwamba jawabu lake linatuhusu sisi watu wa Unguja na Pemba kama linavyowahusu ndugu zetu wa Bara. Tena linawahusu zaidi wale waliopewa dhamana ya kuwatumikia wananchi: masheha, maofisa wa ustawi wa jamii, askari wa madawati ya jinsia, makadhi na wanaotayarisha bajeti.

Mgeni anayepanda Uru huona kwanza neema. Huona migomba iliyofunga njia kwa kivuli, mibuni chini yake, mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee wa zamani kwa majembe na akili bila ya mhandisi yeyote, na shule na makanisa kila baada ya mwendo mfupi. Hii ni nchi ya watu walioanza ushirika wa kahawa mapema. KNCU ilianza mwaka 1933, na watoto wao walijaa madarasani wakati ambapo sehemu nyingi za nchi hazikuwa na shule. Kwa hiyo ile hoja nyepesi, ambayo hata sisi makada huitumia tunapochoka kufikiri, kwamba mume humpiga mke kwa sababu ya ujinga na umaskini, haitufikishi mbali tukiwa Kilimanjaro.

Watafiti walifika mjini Moshi katika miaka ya 2002 na 2003 na kuwahoji wanawake 1,444 wenye umri wa kati ya miaka 20 na 44. Zaidi ya mmoja katika kila watano alisema kwamba mwenzi wake alimfanyia ukatili katika miezi kumi na miwili iliyotangulia. Hapo si maisha mazima. Ni mwaka mmoja tu. Watafiti hao walipotafuta ni nani aliyekuwa katika hatari kubwa zaidi, walimkuta mke aliyechelewa kupata mtoto, na walimkuta pia mke aliyezaa watano au zaidi. Walimkuta mke ambaye mumewe ana wanawake wengine nje, na yule ambaye mumewe hutoa kidogo sana kwa matumizi yake na ya wanawe. Msomaji na alitazame jambo hili vizuri. Asiyezaa hupigwa, na aliyezaa sana hupigwa. Basi kosa si la mke.

Sasa turejee kwenye swali. Tuchukulie kwamba yuko mwanamke wa Uru, ameolewa kwa mahari na kwa ibada, ana watoto watatu, na usiku wa leo amepigwa mpaka amevuja damu. Aende wapi?

Nyumba anamokaa imejengwa ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Kihamba hicho ni cha ukoo wa mumewe. Akirudi kwa baba yake, nako ni kihamba, na kwa mila kihamba hurithiwa na wana wa kiume, aghalabu kifungua mimba na kitinda mimba wakitangulizwa mbele ya wengine. Ndugu zake wa kiume wameoa, na ardhi ya Kilimanjaro imekatwakatwa mpaka imebaki vipande. Mwanamke anayerejea na watoto watatu wa ukoo mwingine hupokewa kwa huruma wiki ya kwanza, na kwa kuhesabiwa ndizi wiki ya nne. Wapo wazazi wa siku hizi wanaowapa mabinti zao sehemu, nasi tunawapongeza. Lakini sheria haitungwi kwa kutegemea wema wa wachache.

Kisha huja jani la isale. Msomaji wa Visiwani huenda hajalijua, kwa hiyo tulieleze. Isale ni mmea ambao Wachagga huupanda mipakani mwa vihamba, na jani lake ndilo hubebwa na mkosaji anapokwenda kuomba msamaha. Aliyeletewa isale hategemewi kukataa. Ni mila nzuri. Imezima magomvi ya ardhi na ya damu ambayo mahakama ingeshindwa kuyazima. Lakini inapoletwa na mume aliyempiga mkewe kwa mara ya sita, mbele ya wazee ambao wote ni wanaume, huku mbege ikiwa imekwisha kuandaliwa, mke anakuwa ameombwa jambo ambalo hana ruhusa ya kulikataa. Mmea ule ule unaoonyesha mwisho wa mali ya ukoo ndio unaomrudisha ndani ya mpaka. Hatusemi haya kwa kuidharau mila ya wenzetu. Na sisi kwetu tuna suluhu za namna hiyo: mzee wa mtaa, mjomba na sheha hukaa barazani, kahawa hunywewa, mke huambiwa avumilie kwa ajili ya watoto, na jioni ile ile hurudishwa kwa mumewe. Wahenga walisema wagombanao ndio wapatanao. Walisema kweli juu ya wagombanao. Mtu anayepigwa hagombani.

Sheria iko. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo ilikuwa ya kimapinduzi katika Afrika ya siku zile, inatamka katika kifungu chake cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri mashuhuri la Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikampa mwanamke haki sawa ya kumiliki. Yote hayo ni ya Bara, na yote ni mema; lakini sheria hufunguliwa asubuhi, saa za kazi, ilhali mke hupigwa usiku. Kati ya kipigo na hakimu kuna siku nyingi za kupita: fomu ya polisi namba tatu, daktari, mpelelezi, baraza la usuluhishi wa ndoa ambalo sheria hiyo hiyo inataka lipitiwe kabla ya kudai talaka, na kuahirishwa kwa shauri mara mbili tatu kwa sababu shahidi hakufika. Katika siku zote hizo mlalamikaji analala wapi? Ikiwa analala kwa mshitakiwa, hapana haja ya kujiuliza kwa nini mashauri mengi ya namna hii hufa kwa mlalamikaji kuyafuta mwenyewe.

Hapo ndipo inapoingia nyumba salama. Mjini Moshi kuna shirika la KWIECO, lililoanzishwa mwaka 1987 ili kuwapa wanawake wa Kilimanjaro habari na msaada wa sheria. Kwa miaka mingi wanasheria wake waliandika madai, wakawasindikiza wanawake mahakamani, na jioni wakawaaga wakijua wanakorudi. Funzo lililopatikana ni kwamba ushauri wa sheria bila ya kitanda ni nusu ya kazi. Mwaka 2015 ilikamilika nyumba ya hifadhi ya shirika hilo, iliyobuniwa na wasanifu majengo watatu wanawake kutoka Finland, Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman. Tumetaja wasanifu kwa makusudi. Nyumba ya namna hii si bweni, wala si jela ya hisani. Mtu aliyekuwa akisikiliza hatua za viatu kwa hofu kila jioni anahitaji ua wa ndani ambapo watoto watacheza bila kuonekana kutoka barabarani, chumba chenye mlango anaoufunga yeye mwenyewe, na mahali pa kuzungumza na mwanasheria ambapo jirani wa kitandani hasikii.

Kazi ya nyumba kama hizo, pale inapofanyika vizuri, haina miujiza. Mwanamke hufika kwa kuletwa na polisi wa dawati la jinsia, afisa ustawi, wasaidizi wa sheria wa kijijini, au kwa miguu yake. Hutibiwa. Hulala. Siku za mwanzo haulizwi sana, kwa sababu aliyetoka katika hofu hawezi kukata shauri la maisha yake kwa siku moja. Watoto hutafutiwa shule. Halafu huanza mazungumzo ya kweli: anataka nini? Wapo wanaotaka talaka na sehemu yao ya mali. Wapo wanaotaka mume aonywe kisha warudi. Wapo wasiotaka jambo lolote ila nauli ya kwenda kwa shangazi. Nyumba nzuri haimwamulii. Humweleza haki zake, humpangia njia ya usalama, yaani nani apigiwe simu, vyeti na karatasi za shamba zifichwe wapi, na watoto wapite mlango upi, kisha humwacha aamue. Kukaa kwake ni kwa wiki au miezi michache. Nyumba isiyojua namna ya kuagana na mtu imegeuka kambi.

Yuko atakayesema kwamba nyumba hizi zinavunja ndoa. Tumelisikia hili msikitini, kanisani, na hata katika vikao ambavyo tulitegemea fikra za juu zaidi. Tujibu bila jazba. Ndoa imevunjwa na ngumi. Nyumba salama imefika baadaye, kama gari la zima moto linavyofika baada ya moto. Sisi tuliokaa chuoni tukisoma mbele ya maalim tulifundishwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuinua mkono wake kumpiga mke wala mtumishi. Anayetaka kuitetea ndoa kwa jina la dini na aanzie hapo.

Jambo ambalo wengi hawalijui, na ambalo wakuu wa serikali wanapaswa kulijua, ni kwamba hatari huzidi pale mke anapoondoka. Mume aliyezoea kutawala huona mamlaka yake yanatoroka mlangoni, na mauaji mengi ya wake duniani hutokea wakati huo au mara baada yake. Ndiyo maana mahali zilipo nyumba hizi aghalabu huwa siri. Na ndiyo maana tunasema zinazuia ukatili, kwa maana halisi ya neno kuzuia, wala si kufariji waliokwisha kuumizwa tu. Mke mwenye pa kwenda huondoka kabla ya kipigo cha mwisho. Na mume anayejua kuwa mkewe ana pa kwenda, hata kama mke huyo hajawahi kuondoka, hufikiri mara mbili.

Tuseme pia juu ya wale wanaosahauliwa, kwani neno “mke” tulilolitumia hadi sasa ni finyu. Mwanza liko shirika la WoteSawa linalowahifadhi watumishi wa majumbani, mabinti wadogo waliotolewa vijijini kwa ahadi ya shule na kuishia kupigwa na mabosi wao. Hao hawana ndoa ya kusuluhishwa wala mjomba wa kuwasemea. Mkoani Mara, Mugumu na Butiama, nyumba za Hope for Girls and Women hupokea wasichana wanaokimbia kukeketwa, ambao hujaa mwezi wa Desemba, msimu wa kukata ukifika, na baadhi yao hushindwa kurudi makwao kwa sababu anayewasubiri na kisu ni shangazi. Wapo wajane wanaofukuzwa shambani na shemeji zao kabla tanga halijaondoka. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliilaumu nchi yetu kwa shauri la wajane wawili walionyimwa urithi kwa sheria ya mila, na lawama ile haikuwa ya kuonea. Wapo wanawake viziwi ambao hakuna askari wa kituo anayeielewa lugha yao ya alama, hivyo maelezo yao huandikwa kwa tafsiri ya mume yule yule. Na yupo mama mwenye mtoto wa kiume wa miaka kumi na minne. Nyumba nyingi za namna hii duniani humkataa kijana wa umri huo, kwa kuwa amekwisha kuwa mwanamume machoni pa wengine. Mama huambiwa achague, na mama huchagua kurudi. Uamuzi mdogo wa kanuni za nyumba, na mtu amerudishwa kwenye kipigo.

Kwa msomaji wetu wa Visiwani kuna jambo jingine. Nyumba nyingi za Bara zinaendeshwa na mashirika ya Kikristo au na watu waliokulia humo, nao wanastahili shukrani zetu. Lakini mwanamke Mwislamu anayeingia mahali pa hifadhi huwa na maswali yake: chakula, sala, stara na, kama ameachwa, eda yake. Asili ya sheria ni kwamba mtalikiwa wa talaka rejea akae eda yake katika nyumba ya ndoa. Je, nyumba ikiwa na hatari? Wanazuoni wamekwisha kujibu zamani kwamba khofu ya nafsi inampa ruhusa ya kuhama. Jawabu hilo linafaa kusomwa kwa sauti katika kila mahakama ya kadhi, ili mwanamke asiogope dhambi mahali ambapo dini yenyewe imemfungulia mlango.

Je, kwetu hali ikoje? Utafiti wa afya wa nchi nzima wa 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Bara na Visiwani kwa pamoja asilimia 40 ya wanawake walikwisha kupigwa angalau mara moja tangu walipotimia miaka 15. Kwa Zanzibar peke yake ilikuwa kiasi cha asilimia 14. Katika utafiti wa 2022 kiwango cha nchi kilishuka hadi asilimia 27. Tuna haki ya kufurahi, lakini tusilewe. Utafiti ule wa 2015 na 2016 uliwauliza wanawake wa nchi nzima kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu fulani fulani, na asilimia 58 walisema ndiyo, wakati wanaume waliokubali walikuwa asilimia 40. Ambaye anaona kipigo ni haki hawezi kukihesabu kuwa shida anapoulizwa na karani. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Serikali ya Mapinduzi haikulala. Kituo cha Mkono kwa Mkono kilifunguliwa Hospitali ya Mnazi Mmoja mwaka 2011, kabla ya Bara kuwa na chake, ili aliyedhalilishwa aonane na daktari, polisi na mshauri mahali pamoja bila ya kuzungushwa. Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya mwaka 2017 imemfungulia mwanamke mlango wa kudai sehemu katika mali iliyochumwa ndani ya ndoa. Mwaka 2021 zikaanzishwa mahakama maalumu za makosa ya udhalilishaji. Haya ni maendeleo, na tunayasema kwa fahari. Lakini kituo cha hospitali hufanya kazi ya mchana mmoja. Mtu hupimwa, huandikwa, hupewa dawa, kisha huelezwa kwamba amemaliza. Hajamaliza. Amebakiwa na usiku.

Husemwa kwamba Visiwani hatuhitaji nyumba salama kwa sababu kila mtu ana kwao. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na tusiibeze. Binti wa Kiunguja au wa Kipemba ana fungu lake katika urithi wa baba, jambo ambalo binti wa Uru kwa mila hanalo, na nyumba ya wazazi kwetu hupokea mtalikiwa bila ya kumwona ni balaa. Lakini kisiwa ni kidogo. Mume anajua kwao ni wapi. Anakujua kwa shangazi, kwa somo yake na kwa rafiki yake wa shule. Kutoka Wete hadi Chake Chake hapana mahali pa kujificha. Na takwimu anazozitoa Mtakwimu Mkuu wa Serikali juu ya udhalilishaji zinaonyesha kwamba waathirika wengi ni watoto, na mara nyingi anayewadhalilisha ni mtu wanayemfahamu. Kwa mtoto wa namna hiyo, “kwao” ndiko anakotoka.

Tena si kweli kwamba jambo la serikali kumpa raia paa ni geni kwetu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali ya Mzee Karume iliwawekea wazee wasio na jamaa nyumba za Sebleni na Welezo, na watu walikuja kutoka nje kushangaa. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba nyumba za wazee zitawafundisha watoto kuwatelekeza wazazi wao. Kilichofanyika kwa wazee kinaweza kufanyika kwa mama na watoto wake kwa miezi mitatu.

Suala la fedha ndilo linalotutia wasiwasi zaidi. Nyumba nyingi za Bara zimesimama juu ya fedha za wafadhili, na mwaka 2025 sote tulishuhudia Marekani ikilivunja shirika lake la misaada, USAID, kwa muda wa miezi, na huduma katika nchi nyingi zikisimama kabla watu hawajajua la kufanya. Nyumba salama haiwezi kufungwa kwa barua. Kila aliyelala ndani yake ana mtu anayemsubiri nje. Tuliimba kujitegemea miaka mingi. Basi na tukubali kwamba mshahara wa mlinzi, wa mlezi na wa mshauri wa nyumba kama hizi uwe kifungu cha bajeti ya serikali, kama ulivyo mshahara wa mwalimu, na mashirika yabaki na kazi wanayoiweza vizuri kuliko sisi, ya kumsikiliza mtu. Azimio la Arusha lenyewe, mwaka 1967, lilikiri kwamba wanawake wa vijijini ndio wafanyao kazi kuliko watu wote katika nchi hii. Kulala bila ya kupigwa si malipo makubwa.

Nyumba mbili zingetosha kuanzia, moja Unguja na moja Pemba, pasipo kibao mlangoni. Kanuni zake zisimfukuze mama mwenye kijana wa kiume, ziwe na mtu anayejua lugha ya alama, na ziruhusu watoto kuendelea na chuo na skuli. Kadhi awe na siku yake ya kwenda kuwasikiliza waliomo, badala ya wao kusimama ukumbini pamoja na waume zao. Na wakati bajeti ikisubiriwa Chukwani, masheha wapewe angalau nambari moja ya simu inayopokelewa usiku. Kwani sheha akigongewa mlango saa nane na mwanamke mwenye damu usoni na mtoto mgongoni, hana pengine pa kumpeleka. Humwingiza ndani, na mke wa sheha ndiye anayeamka kumtandikia mkeka, akisikiliza kama yupo anayemfuata.